Nimemhamishia chatu wangu kizimba kikubwa, naye amegoma kula: je, nimrudishe alikotoka?

MvitaMjini aliuliza:

Ndugu zangu, habari za jioni. Ninaishi Birmingham, Uingereza, na kwa miaka mitatu sasa ninamfuga chatu jike wa ile aina ndogo ya Afrika Magharibi ambayo Waingereza huiita chatu wa kifalme na Wamarekani huiita chatu wa mpira, kwa vile akiogopa hujikunja akawa tufe na kukificha kichwa katikati. Nimempa jina la Batiki kwa ajili ya mabaka yake. Urefu wake ni kama sentimita 115, na siku aliyohama mizani ya jikoni ilinionyesha gramu 1,340.

Tangu nimpate alikuwa akikaa katika boksi la plastiki lenye urefu wa sentimita 80, upana wa 45 na kimo cha 25, nalo lilikuwa limewekwa juu ya mkeka wa umeme wa kupasha joto. Nilipoona kwamba hawezi tena kujinyoosha akamaliza urefu wake, nilinunua kizimba cha mbao kilichokwisha kutumika, chenye milango miwili ya kioo ya kusukuma pembeni na vipimo vya sentimita 120 kwa 60 kwa 60. Nilikisafisha kwa dawa, nikavisafisha pia vyombo vyake vyote vya zamani, nikamwaga makumbi mapya ya nazi sakafuni, nikafunga taa ya joto ya wati 100 upande wa kulia na kuutandika ule mkeka chini ya kizimba kwa nje. Pango lake la kujifichia, ambalo ni moja tu, nililiweka upande wa kushoto ili asije akalala karibu na taa akaungua. Taa inaongozwa na thamostati niliyoiweka kwenye nyuzi 32.

Leo ni siku ya 12. Nilimpa panya siku ya tatu akakataa, nikampa tena siku ya kumi akamgeuzia uso. Mlo wake wa mwisho ulikuwa siku tano kabla ya kuhama, kwa hiyo ni siku 17 hajala kitu. Mchana haonekani, lakini kila ifikapo saa nne au saa tano za usiku hutoka na kuanza kusukuma pua kwenye upenyo ulio kati ya vile vioo viwili, tena kwa bidii, mpaka ncha ya pua imeanza kuwa nyeupe. Rafiki yangu mmoja anayefuga pia ameniambia kwamba chatu wa aina hii huingiwa na hofu akiwekwa mahali pakubwa, na kwamba nimemtesa kwa nia njema. Mama yangu aliye Mombasa naye amenipa ushauri wake kwa simu, lakini huo haufai kuandikwa hapa.

Swali langu ni hili: nimrudishe katika boksi lake la zamani hadi atulie, au nivumilie?

KobeMzee alijibu:

Mrudishe, dada. Chatu hawa huko kwao Ghana, Togo na Benin hukaa ndani ya mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, mahali ambapo mwili wao unagusa ukuta kila upande. Mimi nimewafuga kwa miaka 14 katika maboksi ya droo, wanakula kila wanapopewa na wanataga kila mwaka. Mwenye njaa ya nafasi ni mfugaji, si nyoka.

UsikuWaLeeds alijibu:

Kwa heshima zote kwa mzee wetu, nadhani jibu lake limechukua nusu ya habari. Ni kweli kwamba chatu huyu hulala katika mashimo, lakini hatumii usiku wake wote humo. Hutoka kuwinda na kutafuta mwenzi, na utafiti uliofanywa kusini-mashariki mwa Nigeria ulionyesha kwamba wadogo na madume hula ndege kwa wingi, jambo ambalo lisingewezekana kama wasingekuwa wanapanda vichaka na miti. Shimo ni kitanda chake. Hakuna aliyewahi kusema kwamba kwa kuwa mtu analala kitandani, basi chumba chake kiwe na ukubwa wa kitanda. Kula na kutaga navyo si vipimo vya kutosha, kwa sababu kuku wa kwenye vizimba vya waya naye hula na kutaga.

Dada MvitaMjini, nimeyasoma maelezo yako mara mbili, na naona tatizo si ukubwa wa kizimba. Tazama ulivyopanga vitu: joto liko kulia na maficho yako kushoto. Batiki akitaka kuota joto ili mwili wake ufanye kazi, inambidi alale uwanjani chini ya taa bila kificho chochote. Akitaka kujificha, inambidi akae kwenye baridi. Katika boksi la zamani hakuwahi kulazimishwa kufanya uchaguzi huo, kwa sababu lilikuwa dogo na joto lilifika kila mahali. Nyoka aliyelazimishwa kuchagua kati ya joto na usalama kwa kawaida huchagua usalama, na nyoka aliyepoa hali, kwa kuwa hana uwezo wa kumeng'enya atakachokimeza. Kama ningeruhusiwa kukuambia jambo moja tu, lingekuwa ni hilo: tafuta pango la pili, linalofanana na la kwanza kwa ukubwa, uliweke upande wa joto leo hii. Liwe la kumbana kidogo, lenye mlango mmoja, kiasi kwamba akijikunja ndani mgongo wake uguse kuta. Mapango makubwa ya mapambo yanayouzwa madukani yenye umbo la fuvu la kichwa humpendeza mnunuzi zaidi kuliko anayelala humo.

Baada ya hapo, jaza uwanja wa katikati. Sentimita 120 za sakafu tupu kwake ni kama kuvuka barabara kuu mchana. Weka magome ya mti, matawi mazito yasiyobingirika, majani makavu, mimea ya plastiki yenye majani mapana, hata maboksi ya karatasi ngumu yaliyokatwa mlango, na uyapange kwa namna ambayo anaweza kutoka pango moja hadi jingine bila mwili wake kuonekana kwa zaidi ya hatua chache. Ukuta wa kioo wa mbele unaweza kuufunika kwa karatasi au kanga kuukuu kwa majuma mawili ya kwanza.

Kuhusu joto, ninaomba vipimo. Wewe umesema thamostati imewekwa kwenye 32, lakini hiyo ni namba uliyoiandika, si joto alilolalia. Je, kihisio cha thamostati kiko wapi? Nunua kipimajoto cha kulenga kwa mwanga mwekundu, bei yake si kubwa, upime sakafu chini ya taa, sakafu ndani ya kila pango, na upande wa baridi usiku wa manane. Tunachokitafuta ni sakafu ya nyuzi 32 hadi 35 mahali pa kuotea, na nyuzi 24 hadi 27 upande wa baridi; usiku panaweza kushuka kidogo. Na ule mkeka wa umeme uuondoe chini ya kizimba kabisa. Mbao huzuia joto kupita, kwa hiyo Batiki hafaidiki nao, lakini joto linaloshindwa kupanda hujikusanya pale pale kati ya mkeka na mbao, na hilo ni jambo la hatari kwa nyumba yako.

Pima pia unyevu wa hewa. Taa hukausha, na kizimba kikubwa hupoteza unyevu upesi kuliko boksi la plastiki. Ukiona uko chini ya asilimia 50, ongeza kina cha makumbi hadi sentimita nane au kumi, kisha mimina maji kwenye pembe nne ili yalowane kwa chini huku juu pakibaki pakavu. Ni bora kuliko kupulizia, kwa sababu maji ya kupulizia hukauka kabla hujafika jikoni, na tumbo lake likilala kwenye ubichi wa juu kila siku linaota vidonda.

Chakula sasa usimpe. Usimshike, usimfungulie, usimpime kila siku. Badilisha maji, basi. Hesabu siku saba tangu utakapomaliza marekebisho, ndipo umjaribu tena usiku, panya akiwa amepashwa joto la mwili. Wala usiogope siku 17. Chatu wazima wa aina hii wanaweza kukaa miezi bila kula, hasa majira ya baridi, na hakuna kinachoharibika ikiwa uzito haupungui. Kwa Batiki, asilimia kumi ya uzito ni gramu 134. Akishuka chini ya 1,206, mpeleke kwa daktari wa wanyama mwenye ujuzi wa reptilia. Mnyama huyu kwa kawaida huishi miaka 20 hadi 30 akitunzwa vizuri. Bustani ya wanyama ya Saint Louis kule Marekani ilimpokea mmoja mwaka 1961, na mwaka 2020 akataga mayai saba akiwa na umri unaokisiwa kuzidi miaka 60. Kwa mizani hiyo, siku 12 za uhamisho ni kama asubuhi moja.

SeremalaTemeke alijibu:

Mimi si mfugaji wa nyoka, ila kazi yangu ni mbao na nimewatengenezea wafugaji vizimba kadhaa, kwa hiyo nitasema juu ya kile ambacho wengine wamekipita.

Huo upenyo kati ya vioo ndio unaomsumbua. Milango ya kusukuma pembeni hupishana, na mahali inapopishana lazima pawe na nafasi, vinginevyo vioo vingekwaruzana. Hewa ya ndani na ya nje hukutana hapo, nyoka anaisikia kwa ulimi, anaamini kwamba kuna njia. Afadhali umwondolee hiyo imani. Kata kipande cha mpira laini wa dirisha, ule wenye manyoya mafupi, ukiingize kwenye upenyo kwa urefu wote wa kioo. Kisha funga kufuli ya meno inayobana kioo kimoja juu ya kingine. Usitegemee uzito wa kioo. Nyoka mwenye zaidi ya kilo moja akijikaza ukutani na kusukuma kwa pua anaweza kukitelezesha, na pakipita kichwa, mwili nao utafuata bila shida.

Jambo jingine ni mbao zenyewe. Umesema kizimba kimetumika. Chunguza pembe za chini kwa ndani: kama ubao wa unga umevimba, maji yameshaingia, na ukimwaga maji pembeni kama ulivyoshauriwa utaufanya uoze. Itabidi siku moja umtoe, ukaushe, upake vanishi ya maji mikono mitatu, kisha upitishe silikoni ya matangi ya samaki kwenye viungo vyote, si ile ya bafuni, kwa maana ile ina dawa ya kuvu. Iache ikauke mpaka harufu iishe kabisa, hata kama ni wiki nzima. Nimewahi kumwona mteja akimrejesha mnyama siku ya pili kwa sababu vanishi ilikuwa kavu mkononi; kukauka mkononi na kukauka ndani ni mambo mawili.

Na taa hiyo ina wavu wa kumzuia nyoka asiiguse? Hukutaja.

MvitaMjini alirudi:

Nawashukuruni nyote kwa moyo. Nimefanya vipimo jana usiku, na nakiri nimeona haya.

Kihisio cha thamostati nilikuwa nimekining'iniza hewani katikati ya kizimba, nikidhani kwamba kitapima wastani. Kwa kuwa hapo katikati hapakufika nyuzi 32, taa haikuwa inapumzika hata kidogo. Sakafu chini ya taa ilikuwa nyuzi 41. Ndani ya pango lake la upande wa kushoto, saa nane za usiku, ilikuwa nyuzi 20 na nusu, maana chumba chenyewe huwa tunazima hita tukilala. Unyevu ulikuwa asilimia 36. Kwa maneno mengine, alikuwa na jangwa upande mmoja na friji upande wa pili, na mimi nilikuwa ninamshangaa kwa nini anatafuta mlango.

Wavu wa taa upo, ndugu seremala, aliuacha mwenye kizimba wa kwanza. Pembe moja ya chini imevimba kidogo. Nimeziba upenyo wa vioo kwa mpira kwa muda huku nikisubiri kufuli.

Ninalo swali moja dogo. Macho ya Batiki tangu juzi yanaonekana kama yana ukungu wa samawati. Je, nimemharibu macho kwa ile taa?

MtunzaBustani alijibu:

Hapana, binti yangu, hujamharibu macho. Anajiandaa kujivua gamba, na hapa nazungumzia gamba la nyoka halisi, si lile tulilolisikia kwenye siasa za Tanzania mwaka 2011, chama cha CCM kiliposema kinajivua gamba. Macho yake yatakuwa na ukungu kwa siku chache, kisha yataanza kung'aa tena, na baada ya siku chache nyingine atajivua. Kipindi chote hicho haoni vizuri, ana woga, na wengi wao hawali hata wakiwa mahali wanapopazoea. Inawezekana kabisa kwamba sehemu ya mgomo wake ni hiyo tu. Mwekee sasa kikopo chenye mlango, ndani yake ukijaza kuvumwani, ile mimea midogo laini inayoshika maji, iliyolowekwa ikakamuliwa, uone kama hatahamia humo. Gamba likitoka vipande vipande, au kifuniko cha jicho kikibaki, usikibandue kwa kucha. Ongeza unyevu na umpe muda.

Nilifanya kazi miaka mingi katika bustani ya nyoka kaskazini mwa Tanzania, na tulikuwa na kanuni zetu za kuhamisha ambazo hazikuandikwa popote. Hatukumhamisha nyoka mwenye macho ya ukungu. Hatukumhamisha aliyekula ndani ya siku mbili, kwa sababu akitikiswa na tumbo limejaa anatapika, na akitapika itabidi asubiri takriban wiki mbili kabla ya kupewa mlo mdogo, maana ile asidi ya tumbo imeshamchoma. Tulihamisha mchana kwa wale watembezi wa usiku, wakiwa bado wamelala, pamoja na pango walilolala ndani yake: tunaziba mlango kwa kitambaa, tunabeba pango zima, tunaliweka mahali pake papya na kuondoka. Anaamka jioni akiwa kitandani mwake mwenyewe.

Na hatukuosha kila kitu. Hapo ndipo naona ulipoteleza zaidi, ijapokuwa usafi ni jambo jema. Nyoka huijua nyumba yake kwa ulimi. Umemtoa mahali alipopaandika kwa harufu yake kwa miaka mitatu, ukamweka mahali panaponuka dawa, na hata vyombo vyake ukavifuta jina. Kama bado una makumbi ya boksi la zamani ambayo hayana kinyesi, chukua konzi mbili uyatawanye karibu na mapango yote mawili. Kama umeyatupa, basi usioshe chochote kwa mwezi mzima zaidi ya kuondoa uchafu unaoonekana na kusafisha bakuli la maji.

Ningependa kuongeza neno kwa wanaosoma wakiwa nyumbani Afrika Mashariki, kwa sababu mara nyingi mazungumzo ya aina hii huwatia vijana hamu. Huyu wa dada yetu amezaliwa kwenye ufugaji na kwao Uingereza hahitaji leseni. Chatu wetu wa porini ni mnyama mwingine kabisa, anaweza kuzidi mita nne na hahamishwi na mtu mmoja. Naye analindwa na sheria ya wanyamapori, ya mwaka 2009 kwa Tanzania na ya mwaka 2013 kwa Kenya, kwa hiyo kumwokota na kumweka ndani bila kibali ni kosa. Ukimkuta shambani, ita watu wa wanyamapori.

KobeMzee aliongeza:

Nyuzi 41 na 20 sikuzifikiria. Kwa vipimo hivyo hata kizimba kidogo kingemshinda. Bado ninasimama kwamba mfugaji mpya hukosea kwa urahisi zaidi katika nafasi kubwa kuliko ndogo, kwa sababu boksi husamehe makosa ambayo kizimba hakisamehe, lakini sitakwambia tena umrudishe. Kumhamisha mara ya pili akiwa na macho ya ukungu kungekuwa kosa jipya juu ya lile la kwanza.

MvitaMjini alirudi baada ya majuma matatu:

Nimeahidi kuleta habari. Alijivua gamba siku tisa baada ya ujumbe wangu uliopita, gamba zima kutoka puani hadi mkiani pamoja na vifuniko vya macho, ndani ya kile kikopo cha kuvumwani. Kihisio sasa kimefungwa sakafuni chini ya taa na nimebadilisha thamostati kwa ile inayopunguza nguvu ya taa polepole badala ya kuizima na kuiwasha. Sakafu inasoma 33. Nimeongeza hita ya kauri isiyotoa mwanga kwa ajili ya usiku, nayo ina thamostati yake na wavu wake, na upande wa baridi haushuki chini ya 23. Unyevu unacheza kati ya 58 na 65.

Uzito wake wiki iliyopita ulikuwa gramu 1,298. Usiku wa Jumamosi nilimpa panya mdogo kuliko aliyezoea, nikazima taa ya chumba, nikatoka. Niliporudi baada ya dakika 40 panya hakuwepo na Batiki alikuwa amejikunja kwenye pango la upande wa joto, lile jipya ambalo sikuwa nimelifikiria.

Bado hutoka usiku, lakini hasukumi tena kioo. Hupanda tawi la katikati, hukaa hapo kwa muda mrefu na kichwa kikining'inia, kisha hushuka upande wa pili. Katika miaka mitatu ya boksi sikuwahi kumwona akipanda kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kupanda. Ile pembe iliyovimba nitaishughulikia majira ya joto, na siku hizo za kukauka kwa vanishi atazikaa katika boksi lake la zamani, ambalo safari hii sijaliosha.